Mbavu za Mbwa Wangu

Mbwa wangu sikumnyima chakula. Nalisema hili kwanza, tena kwa sauti, maana hapa Ndagoni wapo mpaka leo wanaoamini kwamba nilimfunga mnyama nyuma ya nyumba nikawa namwua kwa njaa. Mwanzo walisema nitachomwa moto kwa kufuga mbwa. Miezi mitatu haijapita wakasema nitachomwa moto kwa kumkondesha. Nikawaambia wachague dhambi moja, maana mbili kwa mbwa mmoja ni nyingi.

Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Waislamu, na hukumu ya mbwa naijua kama anavyoijua kila mtu kisiwani. Ukiguswa na mate yake au unyevu wake unaosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini najua pia kwamba mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa, na nilikwenda kwa ustadhi wetu kuuliza kabla sijamleta, si baada. Aliniambia alale nje, awe na chombo chake, asiingie panapoliwa wala panaposwaliwa. Nikakubali yote. Waliokuja baadaye kunisomesha dini niliwapa kiti na maji ya kunywa, nikawasikiliza mpaka mwisho, kisha nikawaonyesha njia ya kurudi kwao. Pilipili iko shamba, yawawashia nini?

Sababu ya mbwa ilikuwa nguruwe. Misimu miwili mfululizo nguruwe mwitu walinivunia mihogo kabla yangu. Unakwenda asubuhi na jembe begani unakuta matuta yamefumuliwa, mashina yamelala, mizizi imetafunwa nusu nusu kana kwamba walikuwa wanaonja tu. Nilitundika makopo, nikasimamisha sanamu, nikachoma mipira ya gari. Nguruwe wakazoea. Mbwa wetu wa kijijini nao wakimwona dume la nguruwe wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine. Na lile shamba ndilo lililotulisha mimi na mama yangu mzazi. Mimi nimeachika zamani, wanangu na wadogo zangu watatu wako bara na maisha yao, na mama alikuwa keshachoka, kazi yake imebaki kukuna nazi na kunikosoa.

Miaka mingi nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii kule Utende. Mwenye hoteli alipoamua kufunga na kurudi kwao, alituuliza wafanyakazi tunataka ukumbusho gani. Wenzangu walitaja majiko, magodoro, mapazia. Mimi nikaomba mtoto wa mbwa. Alikuwa na jike la ile mbegu ya mbwa wakubwa wanaolinda mashamba Afrika Kusini, na jike lilikuwa limezaa. Akacheka, akaniuliza kama najua huyu atakuwa mkubwa kuliko mbuzi. Nikamjibu kwamba mbuzi ninao, ninachotaka ni atakayemtisha nguruwe.

Nilimleta Ndagoni kwa pikipiki, ndani ya tenga, miezi miwili tangu azaliwe. Dereva alijisogeza mbele njia nzima asiguswe na tenga, mpaka nikaogopa ataendesha kwa kidevu. Tulipofika, mama alisimama mlangoni akatamka neno moja tu kwamba huyo hapiti kizingiti. Nikamwambia hapiti. Jina sikumpa. Nilimwita "wee", na akaja, ikatosha.

Alipofika miezi minne, bwana mifugo wa kata alipita kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Ni kijana mpole, wa bara, anayesalimia kwa adabu. Alichuchumaa mbele ya mbwa wangu, akamtazama miguu kwa muda mrefu, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote anayefuga chochote. Alisema mbegu hii hurefuka haraka, na mifupa yake hubaki laini kwa miezi mingi. Ukimnenepesha sasa, uzito unailemea miguu nayo inapinda. Mifupa ikishakomaa imepinda, basi, ndiyo miguu yake mpaka kufa. Tena akanikataza kumwongezea unga wa mifupa au dawa za kukuza, kwamba mwili ukikimbizwa unaharibika.

Akanifundisha kumpima kwa mkono. Unapitisha vidole ubavuni bila kukandamiza, na mbavu unatakiwa uzihisi moja moja, kama meno ya kitana kilichofunikwa kwa kitambaa. Ukimtazama kwa juu, uone kiuno kimeingia ndani. Usipozihisi, amezidi. Ukiziona kama za kwenye mchoro, amepungua. Mbwa wangu alikuwa katikati, na akigeuka kidogo mbavu za nyuma zilijichora. Kijana akasema hapo ndipo penyewe.

Basi nikashika sheria. Kopo moja la maziwa, lile dogo, la wali uliochanganywa na dagaa au nyama ya samaki iliyotolewa miiba: moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Maji muda wote. Hakuna kuonjeshwa wala cha kuokota. Mara ya kwanza nilimpima kwenye mzani wa kuning'inia, ule wa kupimia mwani ufukweni, nikiwa nimemtia katika gunia kavu. Loo, siku hiyo! Wanawake ninaolima nao mwani walinijia juu kana kwamba nimemtia mbwa katika chungu cha pilau. Nikawauliza tangu lini mwani wetu tunaula sisi, na gunia kavu limeinajisi vipi ndoana ya chuma. Wakauondoa mzani. Nikaenda nyumbani nikachukua kamba ya mwani, nikawa namzungushia kiunoni kila Ijumaa na kupiga fundo pale inapokutana. Kamba ile ilinitosha.

Sasa ni lazima niseme jambo kuhusu sisi. Kwetu mtu hapendwi kwa maneno, anapendwa kwa sahani. Mke akirudi kusalimia kwao amekonda, mumewe anaulizwa. Mtoto akiwa na mashavu, mama yake anasifiwa sokoni na watu asiowajua. Mgeni akisema ameshiba anaambiwa hapana, ndiyo kwanza anaanza, ndiyo adabu yenyewe. Nimekulia humo na simlaumu mtu. Lakini mtu wa namna hiyo umwonyeshe mbwa mkubwa, mrefu, mbavu zinajichora, umwambie huyu ni mzima wa afya! Ataona unamkebehi.

Wakaanza kupita na kuguna. Halafu ukaingia mwezi wa Ramadhani, na kila mtu wa pwani anajua mwezi huo mikono inavyokuwa myepesi kutoa. Maskini wa kijiji wanajulikana, na kila nyumba inawagombea iwafuturishe yenyewe. Mbwa wangu alikuwa pale nyuma, amefungwa, mbavu nje, hana wa kumsemea. Akawa sadaka ya karibu. Darsani ikitajwa habari ya yule aliyelipwa pepo kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, shingo zote zinageuka kunitazama mimi. Watu ambao mwezi uliopita walikuwa wakivuka njia wasimpitie karibu, sasa wanamrushia mihogo ya nazi, tambi, vichwa vya changu, vitumbua vilivyolala.

Aliyezidi wote alikuwa jirani yangu wa upande wa kisimani. Ni mwanamke mwema, namsema kwa haki. Yeye hakurusha kwa kujificha. Alikuja na bakuli mbele ya macho yangu, uji wa mchele wenye tui zito, akaniomba nimpe mnyama apate thawabu. Nilimkatalia. Nikamweleza habari ya mifupa, ya kopo, ya bwana mifugo, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nina roho ya namna gani. Iliniuma, sikatai. Kesho yake nikakata makuti nikazungushia uzio banda lote, na mlango wake nikauelekeza uani kwetu, asipite mtu.

Hapo nilijua nimeshinda. Kumbe wapi. Ramadhani ikaisha, Mfunguo Mosi ukaingia, uzio umesimama, hakuna anayerusha kitu, na mbwa anazidi kufura. Nikapunguza makopo, kutoka matatu hadi mawili na nusu, hadi mawili. Kamba ikawa haifiki fundo la wiki iliyopita, na haikuwa ukuaji tu, maana nikipitisha vidole ubavuni sikuti meno ya kitana, nakuta mto. Kiuno kikajaa. Nilianza kufikiri mambo ya kijinga, nikajiuliza kama kuna jicho la mtu. Astaghfirullah, nilifika huko.

Asubuhi moja tukiwa njiani kwenda shamba, mbwa akaketi. Nikamwita, akanyanyuka, akatembea hatua kama kumi akiuvuta mguu wa mbele, akaketi tena. Nilipochuchumaa kumtazama ndipo nikaona nilichokuwa nikikiona kila siku bila kukitia akilini. Miguu ya mbele ilikuwa imetazama nje, na viungo juu ya nyayo vimelegea kwa kubonyea. Nilikaa naye pale njiani. Machozi yalinitoka na wala sioni haya kulisema.

Bwana mifugo alipokuja alimpapasa ubavu, akapapasa tena, kisha akanitazama. Alisema kwa heshima zote kwamba mbwa huyu anakula zaidi ya lile kopo. Nikaapa. Akasema hanibishii mimi, ila mwili haudanganyi. Kisha akaniambia ukweli wote. Ilibaki miezi michache kabla mifupa haijakomaa. Akipungua sasa, miguu inaweza kunyooka, kwa kiasi kikubwa. Asipopungua, nisahau habari ya shamba, na kabla hajatimiza miaka miwili nitakuwa na mbwa wa kubebwa, anayelia akitaka kusimama, na yeye kijana ndiye atakayeitwa kuja kummaliza. Mihogo nayo ilikuwa imeshaanza kujaza chini.

Siku ya tatu baada ya hapo, mpini wa jembe ulinivunjikia shambani, nikarudi nyumbani mapema, alasiri bado mbichi. Niliingia kwa mlango wa uani. Mama alikuwa ameketi juu ya kibao chake cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, mbele ya banda. Mkononi alikuwa na ufito mrefu wa mkoko, na kwa ncha ya ufito alikuwa anasukuma kifuu polepole, taratibu, kikateleza mchangani hadi puani mwa mbwa. Ndani ya kifuu kulikuwa na wali wa nazi, mkia wa samaki na ukoko. Nilikitambua chakula kile. Nilikuwa nimempakulia yeye mchana, kwa mkono wangu. Na wiki zote zile nilikuwa nikishukuru Mungu kwamba mama siku hizi anamaliza sahani!

Hakushtuka. Nilimwuliza kama ni yeye, swali la kipumbavu, nimeshamwona. Akanijibu bila kugeuka.

"Mtu akichungulia humu akaziona mbavu zake, anayeaibika si wewe. Wewe huna haya. Ni mimi mwenye nyumba."

Nilipaswa kukaa chini niseme naye. Lakini mimi hasira yangu haijawahi kungoja kiti. Nikamwambia, "Unamwua, mama. Kwa mkono wako huo unamwua."

Mama akaegemeza ufito ukutani, akaingia ndani. Jioni nikampakulia, hakula. Nilipombembeleza alisema kwa upole kabisa, na upole wake ndio mbaya, kwamba kama siku hizi kulisha ni kuua, basi na yeye nisimlishe, nisije nikamwua. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alikunywa chai na ndizi moja aliyoletewa na jirani wa kisimani, ambaye sasa alipata uhakika kwamba mimi nina njaa mbili ninazozifuga nyumbani. Na mimi, mtoto wake, sikulegeza. Nilipika, nikaweka, nikaondoa. Ukaidi wangu sikuuokota njiani.

Siku ya nne niliona aibu. Nilimwona akishika ukuta kwenda kutia udhu, na nilijua kwamba katika yale niliyosema lilikuwamo la haki, lakini lile neno la mkono halikuwa la kumwambia mtu aliyenilea. Nikaenda nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, ila mbwa ana njaa. Ndipo nikachoka na maneno. Nikakitoa kibao chake nikakiweka uani kwenye jua, nikamleta mbwa kwa kamba, mkavu, ameota jua tangu asubuhi, nikamketisha mbele yake.

"Macho yanakudanganya, mama," nikamwambia. "Mshike."

Alinitazama kama niliyerukwa na akili. Tangu mbwa aje hakuwa amemkaribia zaidi ya urefu wa ule ufito. Aliutazama mkono wake, akamtazama mbwa, akaunyanyua upande wa kanga. Akasema, "Maji yapo na udongo upo," kisha akanyoosha mkono.

Nilitaka kumwonyesha pa kushika, lakini hakuningoja. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe nyuma ya kwapa, vikateremka, vikaingia kati ya ubavu na ubavu, vikakandamiza kidogo, vikasogea. Alifumba macho. Mbwa akamwegemea goti, hakujali. Alipapasa muda mrefu kuliko bwana mifugo.

"Hana njaa," akasema. "Huyu amejaa."

Nilimwuliza amejuaje. Akaomba maji. Nilimmiminia mara saba, ya kwanza kwa udongo, na yeye akaosha polepole. Jioni ile alikula.

Tangu siku hiyo kopo likawa lake. Alinisuta kuliko nilivyowahi kuwasuta watu. Kopo nililojaza mimi alilipangusa juu kwa kiganja, wali uliozidi ukarudi chunguni, akauliza kama huo mlima nimeuweka wa kupanda. Maji ya bahari yakitoka nilimtembeza mbwa kwenye mchanga mgumu, mwendo wa polepole, si mbio wala kuruka, kama tulivyoelekezwa. Kamba ikaanza kurudi. Wiki moja fundo likakaa palepale, wiki nyingine likarudi nyuma kidole. Mwezi wa pili kiuno kikaonekana, na mbavu za nyuma zikajichora tena akigeuka. Miguu ikanyooka. Haikunyooka yote, wa kushoto mpaka leo unatazama nje kidogo, lakini anaukanyaga bila kuuvuta. Msimu ule alikesha shambani kwa mara ya kwanza, ana kichwa kama ndoo na sauti inayotikisa makuti ya kibanda, na mihogo nilivuna mimi. Nguruwe walikwenda kutafuta shamba la mtu mwenye mbwa mnene.

Watu hawakunyamaza. Walisema sasa mama na binti wamekuwa kitu kimoja, wanamtesa pamoja. Niliwaacha. Siwezi kumshikisha kila mtu mbavu.

Halafu jirani wa kisimani alisoma khitma ya marehemu mumewe. Baada ya watu kutawanyika alikuja kwetu na sinia kichwani, pilau lililobaki, mafuta yanang'aa, mifupa yenye nyama imepangwa juu. Alisema wazi ni ya mbwa, sadaka ya marehemu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na maneno niliyokuwa nimeyaandaa hayakuwa mazuri. Lakini mama alisimama kabla yangu.

Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mama akirudisha chakula cha jirani. Kwetu chakula hakirudishwi. Hata ukiwa umeshiba, hata ukiwa mgonjwa, unapokea kwa mikono miwili na kuomba dua, cha kukifanya utajua mwenyewe. Yule mwanamke alikuwa ameshainama kulitua sinia. Mama akamshika mkono likabaki hewani.

"Mimi nimezaa watano, si wanne," akamwambia. "Wa kwanza alinifia mapajani mwaka wa njaa, na mbavu zake mpaka leo ziko katika vidole hivi. Njaa huniambii mimi. Mbwa huyu hana njaa. Rudi na sinia lako."

Jirani akarudi nalo. Nami nikabaki nimesimama pale mlangoni, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, ambaye tangu nipate akili mama huyu ananiita kifungua mimba wake.